Hesabu Maneno Yao, Kisha Hesabu Yako

Wapo wenzetu wanaosema mwandishi chipukizi aachane na hotuba za wanasiasa, eti zinaharibu sanaa. Mimi napinga. Asiyejua kusikiliza hotuba hawezi kuandika riwaya ya nchi hii, maana maneno mengi tunayoyaandika tumeyaokota chini ya jukwaa.

Jaribu, ndugu msomaji. Chukua daftari na penseli, kaa na redio, kila neno linalorudi lipigie mstari. Utaona kila mkubwa ana neno lake. Mwalimu Nyerere alikuwa na ujamaa, umoja na kujitegemea. Mzee Mwinyi alikuwa na ruksa, mpaka watu wakambatiza Mzee Ruksa. Mkapa aliingia mwaka 1995 na uwazi na ukweli. Kikwete mwaka 2005 akaja na upya wa mambo matatu: ari, nguvu na kasi. Magufuli mwaka 2015 akasema Hapa Kazi Tu. Samia mwaka 2021 akapokea kijiti kwa Kazi Iendelee.

Basi kijiweni watu huishia hapo. "Huyu katamka kazi mara nyingi, huyo ndiye mchapakazi." Jamani! Muuza maji naye hutaja maji kutwa nzima, na ndoo yake inaweza kuwa tupu. Ujamaa umetokana na jamaa, lakini katika miaka ya 1973 hadi 1976 wapo jamaa waliohamishwa kwa nguvu kupelekwa vijijini. Ruksa ni tamu, lakini ruksa ina mtoaji, na anayekupa leo aweza kukunyima kesho. Na lile neno kubwa la enzi ya Mkapa, ubinafsishaji, wakati Benki ya Taifa ya Biashara ilipouzwa mwaka 2000? Lisome polepole. Ndani yake kuna ubinafsi, na hakuna aliyeshtuka.

Kwa hiyo kuhesabu hakutoshi. Lazima uulize: katika sentensi hiyo nani anatenda, nani anatendewa, na mimi naitwa nani? Hapo ndipo penye moto. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitaja unyonge wetu, lakini kama hali ya kuondokana nayo. Nusu karne baadaye, katika hotuba za Magufuli, wanyonge limekuwa jina letu, na tukalipigia makofi! Sikatai kwamba alilisema kwa kututetea. Lakini mwananchi ni mwana wa nchi, ana haki ya kudai. Mnyonge anasubiri kuhurumiwa. Ukikubali jina hilo, umeshakubali na nafasi yako kwenye foleni.

Sasa nisiwarushie wakubwa mawe peke yao. Juzi nilifungua mswada wa riwaya yangu, ninaouandika tangu nimalize kidato cha nne, nikauhesabu kama ninavyozihesabu hotuba. Neno changamoto limo mara 31! Mama wa mhusika wangu anaamka saa tisa usiku kutafuta maji, mimi nimeandika "anakabiliwa na changamoto ya maji". Nani anayesema hivyo? Mama yangu mwenyewe husema, "Maji hakuna, mwanangu." Maneno matatu, na shida nzima imo. Mimi msomi wa kidato cha nne nikamnyang'anya kauli yake, nikamvisha ya ofisini.

Changamoto ni neno la mtu asiyetaka kuulizwa nani kasababisha. Shida ina mwenyewe, kosa lina mkosaji, wizi una mwizi. Changamoto haina mtu.

Nimeyafuta yote 31. Imenichukua wiki mbili, maana kila nilipofuta ilinibidi niseme kilichotokea hasa, na nani alifanya. Wewe unayejiita mwandishi, fungua mswada wako usiku huu, uhesabu. Halafu ndipo tukutane tuwaseme wa jukwaani.