Biharusi, Fungate si Lazima Iwe Dubai: Panda Baiskeli, Nenda Mbeya



Kazi yangu ni kushona, na wateja wangu wengi ni maharusi. Wakati wa kupima nguo ndipo maneno yanapotoka. Mmoja ataniambia fungate ni Dubai, mwengine hoteli ya Nungwi, na ukichimba kidogo unakuta pesa yenyewe ni ya mkopo, au ya mchezo ambao bado anadaiwa. Mimi nina wazo jengine, na kila nikilisema mama mtu huangua kicheko: chukueni baiskeli mbili, mwende Iringa na Mbeya mukaione nchi.

Kicheko hicho kina maneno matatu ndani yake: ni umasikini, ni aibu, na mtoto wa kike ataharibika. Niyajibu moja moja.

Kwanza umasikini. Watalii wanashuka ndege kutoka Ulaya, wanakodi baiskeli Paje na Jambiani, na tunawaita matajiri. Sisi tukipanda ile ile tunaitwa masikini. Hapo tatizo si baiskeli, ni macho yetu.

Pili aibu. Nenda Makunduchi asubuhi. Utawaona kina mama wamevaa buibui zao, wanakwenda skuli, sokoni au pwani, na wote ni juu ya baiskeli. Hakuna anayewaona hawana haya. Na Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na mkewe Bi Aisha (r.a.) wakiwa safarini. Mke na mume kucheza pamoja kwa stara si jambo geni katika dini yetu. Mwaka 2021, katika Olimpiki ya Tokyo, Masomah Ali Zada kutoka Afghanistan alishindana mbio za baiskeli akiwa kwenye timu ya wakimbizi, na hijabu yake ipo chini ya helmeti.

Tatu ndilo zito, na ndilo linalosemwa kwa kunong'ona: eti baiskeli inatoa bikra. Kwa ajili ya hofu hii wasichana wangapi wamekatazwa, wakatembea kwa miguu masafa marefu kwenda skuli huku kaka zao wanapita na baiskeli? Madaktari wanasema utando ule hutofautiana kwa kila mwanamke, na hauwezi kuonesha kama msichana ameshakutana na mwanamme au la. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka vipimo vya bikra vikomeshwe, kwa sababu havina msingi wowote wa kitabibu. Heshima ya binti iko katika tabia yake na taqwa yake. Kumzuia njia kwa jambo lisilo na ushahidi ni kumdhulumu.

Sasa, kwa nini huko juu na si hapa kwetu? Nina wateja Iringa na Mbeya, nimekwenda mara nyingi, na baadhi ya njia hizi nimepita na mume wangu. Kwetu ni tambarare. Unaweza kukaa nyuma ya mumeo, naye anakanyaga peke yake. Kule mlimani haiwezekani. Mlima unamlazimisha kila mtu kubeba wake, na aliyetangulia kumsubiri aliyechoka. Siku tatu za hivyo utamjua mume uliyeolewa naye: ana subira au ana hasira, anauliza hali yako au anatazama simu. Hoteli haikupi somo hilo.

Lakini njia ichague vizuri. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma usiikanyage. Malori ya Zambia na Kongo yanapita usiku na mchana, na pembeni nafasi ni finyu. Kitonga pandeni kwa basi. Na mwanzoni musijaribu ile njia ya Chimala kwenda Matamba na Kitulo, inayoitwa Hamsini na Saba kwa idadi ya kona zake. Kitulo ni pazuri, ni hifadhi ya taifa tangu 2005 na watu huiita Bustani ya Mungu kwa maua yake, lakini kapandeni kwa gari.

Anzeni Iringa mjini. Kutoka hapo hadi Kalenga ni kama kilomita 15, safari ya asubuhi moja. Kuna makumbusho ya Mtwa Mkwawa, aliyepigana na Wajerumani hadi kufa kwake 1898. Fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na limewekwa hapo. Kisha pandeni basi hadi Mafinga, muingie njia za vumbi za Mufindi, katikati ya mashamba ya chai. Magari ni machache, ubaridi ni mtamu, na macho yanapumzika.

Mwisho Rungwe. Kutoka Uyole barabara inapanda kwanza, kwa hiyo wekeni baiskeli juu ya gari hadi Isongole, halafu mteremke taratibu kwenda Kiwira na Tukuyu. Njiani kuna migomba, chai na maparachichi. Kuna Ziwa Ngosi lililo ndani ya shimo la volkano, mtapanda kwa miguu, na Daraja la Mungu juu ya mto Kiwira, daraja la mwamba lisilojengwa na mtu. Breki zikaguliwe kabla, kwani mteremko ni mrefu na malori ya Malawi yanapita hapo pia. Nendeni kati ya Juni na Oktoba. Tukuyu mvua yake haina mchezo.

Nguo ndiyo kazi yangu. Buibui la kawaida litanaswa na mnyororo. Shona suruali pana ya pamba yenye mpira kwenye kifundo, na katikati ya mapaja weka kipande cha pembe nne ili isikubane wala isichanike. Juu yake kanzu inayopita magoti, yenye mpasuo pande mbili uliozibwa kwa kitambaa cha ndani. Mtandio uwe wa jezi, mwepisi, uuchomeke ndani ya kanzu, kisha helmeti. Na rangi isiwe nyeusi. Kule kuna ukungu, dereva lazima akuone. Stara ni kufunika mwili, haikusema uwe mweusi barabarani.

Ibada haina udhuru. Safari ya kutoka Unguja inaruhusu kupunguza swala, na masheikh wetu wataeleza masharti yake. Maji ya asubuhi ni baridi kama barafu. Ukivaa khufu kwa udhu, msafiri anapangusa juu yake siku tatu na usiku wake. Kibla kwetu ni kaskazini. Mbeya ni kaskazini pia, ikielemea mashariki kidogo. Chakula uliza kabla ya kukaa, kwani nguruwe huliwa sana huko, na ulanzi, ile pombe ya mianzi, unaweza kukaribishwa kwa moyo safi kabisa. Kataa kwa tabasamu. Maharage, viazi, mayai na ndizi vipo kila mahali. Ukiambiwa "kamwene" kwa Wahehe au "ugonile" kwa Wanyakyusa, jua umesalimiwa.

Jambo moja limenikaa moyoni. Kule vijijini utamuona mwanamme juu ya baiskeli, na mwanamke anatembea na mzigo kichwani. Wakikuona wewe, umejistiri vizuri, unapanda mlima na mumeo yuko pembeni yako, wasichana wa kule hawatacheka. Watakutazama sana. Na mabinti zetu huku nao wanatutazama.

Kwa hiyo mama wa biharusi, kabla hujacheka, piga hesabu ya deni la Dubai. Na wewe mwari, muombe mchumba wako jambo hili kabla ya nikaha. Jibu atakalokupa litakwambia mengi.

Allah azijaalie ndoa zetu ziwe na mapenzi na huruma. Amin.