Dua ya Safari na Tairi Kipara

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Likizo za shule na siku za Idi zina desturi moja katika miji yetu: familia nzima hujipanga ndani ya gari moja na kuelekea kwa babu na bibi. Mizigo hufungwa, watoto huhesabiwa, dua ya safari husomwa, na wote huitikia amina. Ni Sunna njema na tunaihimiza. Tunalotaka kulizungumza wiki hii ni swali ambalo aghalabu haliulizwi kabla ya amina hiyo: gari lenyewe lina hali gani?

Kamati za misikiti ndizo zinazopokea habari za misiba. Ajali inapotangazwa, kauli ya kwanza kutajwa ni qadari ya Allah, na hiyo ni kauli ya haki isiyo na shaka kwa Muumini. Lakini qadari ni faraja ya aliyefiwa. Haikuwekwa iwe ngao ya mtu aliyesikia breki zake zikisaga chuma kwa chuma mwezi mzima, kisha akapakia watoto na kuondoka.

Sheria yetu imelitazama jambo hili kwa uzito. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 92, mwenye kumuua Muumini kwa kukosea ametakiwa kulipa diya kwa jamaa wa marehemu, isipokuwa wakisamehe, na juu ya hiyo ipo kafara. Asiyepata mtumwa wa kumwacha huru hufunga miezi miwili mfululizo. Msamaha wa jamaa huondoa diya, hauondoi kafara. Mwaka 1993, Jumuiya ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Bandar Seri Begawan, Brunei, ilipitisha kwamba kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na Sheria ni wajibu, na kwamba dereva hubeba dhamana ya madhara aliyoyasababisha kwa kosa lake. Miongoni mwa nyudhuru zilizokubaliwa ni tukio kubwa lisiloweza kuzuilika. Tairi lililokuwa kipara tangu mwezi uliopita haliingii humo, kwa kuwa mwenyewe alikuwa akiliona kila asubuhi. Na atakayefungiwa miezi hiyo miwili huenda akawa mwana wa dereva mwenyewe, aliyekuwa amesinzia kiti cha nyuma.

Kila mmoja wetu anakijua kisa cha mtu aliyeelekezwa na Mtume (s.a.w.) kumfunga ngamia wake kwanza, kisha atawakali. Basi tuulize: kamba ya gari ni ipi? Tunaona ni kamba nne, na hakuna hata moja inayohitaji elimu ya ufundi kuikagua.

Ya kwanza ni matairi. Ndani ya mifereji yake mna vinundu vidogo. Mpira ukilika hadi kuwa sawa na vinundu hivyo, kina kilichobaki ni milimita 1.6, na tairi hilo limekwisha. Ubavuni mwake pana tarakimu nne: mbili za kwanza ni juma, mbili za mwisho ni mwaka. 2317 maana yake lilitoka kiwandani juma la 23 la mwaka 2017. Hili ni muhimu hasa kwa wanaonunua matairi ya mtumba, kwani mpira huzeeka hata ukiwa stoo, na tairi lenye mifereji mizuri laweza kupasuka kwa uzee. Upepo nao upimwe asubuhi, kabla gari halijatembea. Kiasi chake kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo penye mlango wa dereva. Magari mengi tuliyonayo yametoka Japani, na vibandiko vyake hutumia kilopaskali. 220 ni sawa na takriban 32 za PSI. Tairi la akiba lisisahauliwe, wala jeki.

Ya pili ni breki. Tazama kikopo cha mafuta ya breki chini ya boneti; kina alama ya chini na ya juu. Yakipungua, ama pedi zimelika au kuna mahali yanavuja, na kuongeza tu bila kutafuta sababu ni kujidanganya. Mafuta haya hufyonza unyevu kadiri muda unavyopita, ndiyo maana watengenezaji wengi huagiza yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hivi. Anayeshuka Kitonga au Sekenke kwa gari lililojaa, mguu ukiwa juu ya breki muda wote, huyapasha moto mpaka maji yaliyomo yachemke. Hapo pedali huzama hadi chini na gari lisisimame. Mteremko hushukwa kwa gia nzito.

Ya tatu ni oili na maji ya rejeta. Oili ipimwe injini ikiwa imezimwa na gari limesimama pahala tambarare. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa ya moto, kwani maji yake hufoka kwa nguvu na kuunguza uso.

Ya nne ni kuona na kuonekana: taa za mbele na nyuma, indiketa, taa za breki, waipa, na mikanda ya abiria wote, ya nyuma ikiwemo. Taa ya breki iliyoungua dereva haioni, humdhuru anayemfuata. Mkanda mmoja ni wa mtu mmoja, na mtoto apakatwaye kiti cha mbele hana kinga yoyote.

Ukaguzi huu hauzidi dakika kumi. Tunapendekeza ufanywe kila Ijumaa asubuhi, siku ambayo tayari tumezoea kuoga, kukata kucha na kujitengeneza. Baba akanyage breki, kijana asimame nyuma aseme kama taa zimewaka. Akina mama wasione haya kuuliza habari za tairi. Abiria ana haki juu ya nafsi yake na ya wanawe. Haya hayamwondoi fundi, ambaye anastahili kuliona gari kwa kipindi kilichowekwa na kabla ya kila safari ndefu. Wala stika ya usalama barabarani iliyo kwenye kioo haimtoshelezi mtu. Inaeleza hali ya gari siku lilipokaguliwa, na yule aliyeitafuta bila gari lake kuonekana amejighushi mwenyewe.

Tunajua wapo watakaosema fedha hazitoshi. Ni kweli, matairi manne ni gharama. Lakini tunaziona sare za Idi zikishonwa kwa familia nzima, na magari ya watu wanane yakibeba kumi na wawili kwenda harusini. Mwaka ambao fedha za matairi hazikupatikana, safari ipandiwe basi, au iahirishwe. Babu na bibi watasubiri kwa moyo mkunjufu. Hakuna mzazi aliyewahi kutaka kuamkiwa Idi kwa gharama ya janaza.

Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya Sheria. Atakayekagua kwa nia hiyo, dakika zake kumi ni ibada, na dua yake ya safari ataisoma hali amekwisha kufunga ngamia.

Tunamwomba Allah (s.w.) awalinde wasafiri wetu, awarehemu waliotutangulia, na atujaalie kuwa watunzaji wema wa amana zetu. Amin.

Wallahu a'lam.