Hiace kuukuu kugeuzwa nyumba na ofisi: Friji na betri kwanza, urembo baadaye

JUNI 2025 kulikuwa na matukio mawili yaliyogusa kipato cha watu wanaoishi kwa kuzunguka minadani na magulioni katika Kanda ya Ziwa. La kwanza ni uzinduzi wa kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, uliofanywa na Rais Samia Suluhu Hassan mkoani Simiyu. La pili ni kufunguliwa kwa Daraja la Kigongo-Busisi Juni 19, daraja la takriban kilomita 3 lililowaondolea wasafiri wa Mwanza na Geita adha ya kusubiri kivuko.

Kwa mtaalamu wa mifugo aliyejiajiri, matukio haya yana maana moja: eneo la kazi limepanuka. Anaweza kuwahudumia wafugaji wa Shinyanga na Kishapu, akapita Mwanza na kuingia Sengerema, Geita hadi Katoro katika mzunguko mmoja. Lakini mzunguko huo unataka mahali pa kulala, pa kuhifadhi dawa na pa kuandikia kumbukumbu. Ndiyo maana wazo la kuchukua gari dogo kuukuu, aina ya Toyota Hiace au Noah, na kuligeuza nyumba na ofisi linastahili kupigiwa hesabu badala ya kuchekwa kama anasa ya watalii.

Swali si kama gari hilo linaweza kupendeza. Mafundi wa viti, kapeti na rangi hawakosekani Shinyanga, Kahama wala Geita mjini. Swali ni fedha iingie wapi kwanza, na itarudi lini.

Soko linalohama

Ukanda wa dhahabu ni mlaji mkubwa wa nyama na kuku wa wafugaji wa Usukumani. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, ule wa Bulyanhulu ulioko Kakola ukafuata 2001. Pembeni yake kuna wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na maeneo mengine ambako watu hukusanyika kwa maelfu pindi habari za dhahabu zinaposikika.

Hata hivyo, dhahabu haikai mahali pamoja. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulianza 2009 na kufikia 2021 uzalishaji ulikuwa umefikia tamati. Kwa wachimbaji wadogo mambo huenda kasi zaidi: rashi ikitokea, kijiji hugeuka mji, na mwamba ukikata, mabanda ya maturubai hubaki matupu. Anayejenga duka la matofali kando ya machimbo anaweza kuachwa nalo. Anayefanya kazi ndani ya gari humfuata mteja.

Lakini faida hiyo hupotea iwapo gari lenyewe limegeuzwa kuwa kitu kisichoweza kufanya kazi nyingine. Hapa ndipo wengi wanaweza kukosea.

Friji ndiyo mtaji

Kwa mtoa huduma za mifugo, kifaa cha kwanza ndani ya gari si kitanda bali friji. Chanjo nyingi za mifugo zinatakiwa kutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Zikipata joto nguvu yake hupungua, na baadhi zikiganda huharibika kabisa. Chupa iliyoharibika haimwonyeshi mfugaji dalili yoyote. Atalipa, ng'ombe watachomwa sindano, na miezi michache baadaye homa ya mapafu itaingia zizini kana kwamba hakuna kilichofanyika. Kwa mbuzi na kondoo itakuwa sotoka, kwa kuku kideri.

Friji inayofaa ni ya umeme wa volti 12 inayofunguliwa juu, kwa sababu baridi ni nzito na haimwagiki mfuniko unapoinuliwa, tofauti na friji ya mlango wa mbele. Kipimajoto kikae ndani muda wote na kisomwe asubuhi na jioni. Soda na nyama visiwekwe humo. Kila mfuniko unapofunguliwa kutafuta soda, chanjo hupata joto.

Hesabu ya umeme ni nyepesi. Tuseme friji inatumia wati 45 na inafanya kazi nusu ya siku: hizo ni wati-saa 540. Taa za LED za wati 10 kwa saa 5 ni 50. Feni ya wati 15 kwa saa 8 ni 120. Simu ziwekewe 40. Jumla ni wati-saa 750 kwa siku.

Paneli za jua za wati 200, zikipata jua kali la saa 5 na robo ya nguvu ikapotea njiani, hutoa wati-saa 750 zile zile. Maana yake hakuna akiba hata kidogo. Paneli za wati 300 hutoa takriban 1,125, na ziada hiyo ndiyo inayobeba siku ya mawingu.

Betri ya kawaida ya risasi yenye volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini ikizoeshwa kushushwa chini ya nusu hufa mapema. Kwa hiyo ihesabiwe kuwa na 600. Usiku mmoja wa friji, feni na taa unahitaji takriban 440, hivyo inatosha. Betri ya lithiamu huvumilia kushushwa zaidi na ni nyepesi, ila bei yake ni kubwa. Kwa vyovyote, betri ya nyumba itenganishwe na ile ya kuwashia injini kwa swichi maalumu, ili gari liwake asubuhi, na injini ikitembea ichaji zote mbili.

Kiyoyozi cha kulalia kiko nje ya hesabu hii. Kikitumia wati 1,000 kwa saa 6, kinakula wati-saa 6,000, mara nane ya matumizi yote ya siku. Kwa joto la Shinyanga, njia rahisi ni paa lililopakwa rangi nyeupe, sponji ya kuzuia joto chini ya dari, tundu la kutolea hewa juu na madirisha yenye wavu. Wavu si urembo: Geita ni miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa ya malaria nchini.

Uzito na moto

Hiace za muundo wa 1989 hadi 2004 sasa zote zina zaidi ya miaka 20. Springi, shokapu na breki zake zimeshafanya kazi ya miaka mingi kabla fundi seremala hajaingia. Kila kilo inayoongezwa inalipiwa kwa mafuta na matairi.

Ubao wa plaiwudi wa futi 8 kwa 4 wenye unene wa milimita 18 una uzito wa kilo 30 hivi. Wa milimita 9 ni nusu yake. Gari likitumia mbao sita, tofauti ni kilo 90, ambazo ni sawa na abiria mmoja mnene asiyeshuka kamwe. Makabati ya mninga yanapendeza sebuleni, si garini. Maji lita 100 ni kilo 100. Tangi likae chini, katikati ya magurudumu, si juu ya keria ambako linaweza kuliyumbisha gari kwenye kona. Matairi yawe ya mzigo.

Upande wa moto, gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutuama sakafuni. Mtungi wa kilo 6 ukae kwenye boksi lenye tundu la chini linalotoka nje, au upikiwe nje kabisa. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya gari lililofungwa, hata mvua ikinyesha. Hewa yake huua mtu akiwa usingizini. Vivyo hivyo, asiruhusiwe mteja yeyote kuchomea dhahabu yenye zebaki ndani au karibu na gari la kulala, kwani mvuke wake ni sumu.

Mfano wa mapato na matumizi

Tuchukue mfano wa mtoa huduma anayelala nje ya nyumbani usiku 200 kwa mwaka. Gesti ikiwa shilingi 15,000, anatumia shilingi milioni 3. Akilala garini atalipa maegesho yenye mlinzi, tuseme shilingi 3,000 kwa usiku, sawa na 600,000 kwa mwaka. Mafuta ya ziada na matengenezo yawekewe 400,000. Anabaki na akiba ya shilingi milioni 2.

Akitumia milioni 4 kwa friji, paneli, betri, hewa na kitanda cha kukunja, fedha yake inarudi baada ya miaka miwili, bado hajahesabu chanjo zilizonusurika. Akitumia milioni 9 kwa kuongeza viti vya ngozi, televisheni, dari ya taa za rangi na makabati ya kudumu, itachukua miaka minne na nusu. Kwa gari la miaka zaidi ya 20 linalofuata soko linalohama, muda huo ni mrefu mno. Bei zitatofautiana mahali hadi mahali, lakini uwiano huo ndio wa kuangaliwa.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu hiyo haionyeshi. Siku ya kuuza, mnunuzi wa Hiace huko Kahama au Katoro atataka kubeba abiria au mizigo. Kabati lililochomelewa kwenye bodi kwake ni gharama ya kung'oa, na matundu yake ni mwanzo wa kutu. Kitanda na makabati yaliyofungwa kwa bolti kwenye vituo vile vile vya viti huondolewa kwa siku moja, na gari hurudia thamani yake sokoni.

Wajerumani waliliona hili zamani. Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ilianza kutengeneza seti ya kabati, meza na kiti cha kulalia kwa ajili ya magari ya Volkswagen, ambayo mwenye gari aliweza kuiingiza na kuitoa. Siku za kazi gari lilibeba bidhaa, siku za mapumziko likawa nyumba. Nchi iliyokuwa ikijijenga upya baada ya vita haikuwa na gari la kupoteza, kama ambavyo mtaalamu wa mifugo wa Kishapu hana.

Makaratasi

Mabadiliko makubwa ya bodi, rangi au idadi ya viti yanapaswa kuripotiwa ili kadi ya gari ilingane na gari lenyewe. Bima nayo iambiwe ukweli. Kampuni inaweza kugoma kulipa ikikuta gari lililoungua lilikuwa na gesi na nyaya ambazo haikuarifiwa. Abiria wakae kwenye viti vyenye mikanda, si kitandani, gari linapotembea. Na friji nzuri si leseni: utoaji wa tiba na uuzaji wa dawa za mifugo una taratibu zake chini ya Baraza la Veterinari na TMDA.

Halmashauri zinaweza kusaidia bila gharama kubwa. Ushuru wa mnada umekuwa ukitozwa kwa muda mrefu. Sehemu ndogo ikitumika kutenga eneo lenye kivuli, maji, choo na mlinzi kwa magari ya huduma, mtaalamu atakaa mnadani siku mbili badala ya kuondoka jioni. Anayefaidika kwanza ni mfugaji aliyetembeza ng'ombe wake tangu alfajiri na kukuta chanjo ikiwa bado baridi.