Mwanao akitaka kuwa mwamuzi wa besiboli, anza na kinga

Mzazi wa Dodoma amezoea kuombwa viatu vya mpira, jezi na nauli ya UMISSETA. Ombi la barakoa ya vyuma na kinga ya kifua ni geni, na likija mezani wengi hudhani mtoto anatania. Lakini besiboli imeshaingia katika shule za nchi hii, na palipo na wachezaji panahitajika waamuzi. Kijana asiyejaliwa mbio wala mkono wa kurusha, ila ana macho makali na msimamo, anaweza kuipenda kazi hiyo kuliko kucheza kwenyewe.

Ni kazi nzuri kwa malezi. Inamfundisha kijana kusoma sheria, kukata shauri mbele ya watu na kutoyumbishwa na kelele. Kinachopaswa kumshughulisha mzazi ni mahali ambapo mwamuzi anasimama, na amevaa nini akiwa hapo.

Kwa wasioufahamu mchezo huu, besiboli ilipata nguvu nchini katika miaka ya 2010 kwa msaada mkubwa wa Wajapani. Shule ya Sekondari Azania ya jijini Dar es Salaam ilipata uwanja wake, na mashindano ya shule yakapewa jina la Koshien, kwa kufuata uwanja mashuhuri wa Japani uliofunguliwa mwaka 1924, ambako wanafunzi wa sekondari wa nchi hiyo hushindana kila mwaka. Chama cha taifa, TaBSA, kinasimamia besiboli pamoja na softiboli. Kwa watoto wengi wa Dodoma, Singida na Manyoni mchezo bado ni mpya, na kwa sababu hiyo vifaa ni vichache na watu wazima wenye uzoefu ni wachache pia. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Nusu sekunde

Mrushaji husimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji mwenye rungu. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji, na nyuma ya mdakaji, karibu kiasi cha kumgusa bega, ameinama mwamuzi mkuu. Kazi yake ni kusema kama mpira umepita sehemu halali au la.

Mpira wenyewe una uzito wa gramu 142 hadi 149, mgumu, umevikwa ngozi iliyoshonwa kwa uzi. Usiufananishe na mpira wa soksi ambao watoto huchezea rede uani. Ukirushwa kwa kasi ya kilomita 110 kwa saa, kasi ambayo kijana wa sekondari aliyefundishwa vizuri anaweza kuifikia, unafika kwa karibu nusu sekunde. Mbaya zaidi ni pale rungu linapougusa kidogo tu. Mpira hubadili njia ghafla, mdakaji anaukosa, na anayebaki mbele yake ni mwamuzi.

Softiboli nayo isimdanganye mtu kwa jina. Mpira wake ni mkubwa na mzito zaidi, hadi gramu 198, na mrushaji yuko karibu zaidi.

Kwa hiyo kanuni ya nyumbani iwe moja, isiyo na mjadala: mtoto asisimame nyuma ya mdakaji mpaka awe amevaa kinga zote. Kinga nusu haitoshi. Akiwa na barakoa lakini hana kinga ya kifua, hiyo siku asimamie vituo vya mbali au akae benchi kuandika alama.

Vitu vitano vya kukagua

Cha kwanza ni barakoa ya vyuma. Ivae mwenyewe, mzazi, utikise kichwa. Ikiyumba, mikanda imelegea au ni saizi kubwa. Pitisha kidole kwenye kila kiungo ukitafuta ufa, kutu au chuma kilichopinda. Bonyeza sponji za ndani: zikiwa ngumu kama kipande cha ubao, zimekufa. Hakikisha ina kipande cha kuning'inia kinachofunika koo.

Kofia ya bodaboda haifai hapa. Imetengenezwa kwa ajili ya ajali ya barabarani, kioo chake cha plastiki kinaweza kupasuka usoni, na inaziba masikio ya mtu anayehitaji kusikia. Wala usimpelekee fundi wa kuchomelea akutengenezee barakoa ya nondo. Itakuwa nzito, itachosha shingo, na hakuna aliyeipima kama itastahimili pigo.

Cha pili ni kinga ya kifua. Ile ya mdakaji na ile ya mwamuzi zinatofautiana. Ya mdakaji ni laini zaidi kwa sababu yeye huuzuia mpira udondoke mbele yake. Ya mwamuzi huwa na mabamba magumu kwa nje na sponji kwa ndani, na huvaliwa chini ya shati. Ni lazima ifunike mifupa ya mabega, kifua kizima na sehemu ya juu ya tumbo. Mtoto anayekua hurefuka kwa muhula mmoja tu, hivyo kagua mikanda kila shule inapofunguliwa.

Kifua kinastahili umakini wa pekee. Madaktari wanajua kwamba pigo la mpira likitua juu ya moyo kwa wakati mbaya wa mapigo yake linaweza kuusimamisha moyo, hata kama hakuna mfupa uliovunjika. Ni nadra, lakini wanaopatwa zaidi ni watoto na vijana. Kinga hupunguza nguvu ya pigo ingawa haiondoi hatari yote. Ndiyo maana pawepo mtu mzima anayejua kukandamiza kifua cha mtu aliyezimia ghafla wakati msaada wa hospitali unatafutwa.

Cha tatu ni kinga za ugoko, kuanzia juu ya goti hadi kwenye kifundo, zikiwa na kipande kinachofunika juu ya mguu. Zinavaliwa ndani ya suruali, kwa hiyo suruali iwe pana.

Cha nne ndicho wazazi wengi huona haya kukitaja: kinga ya sehemu za siri. Ipo ya wavulana na ipo ya wasichana. Nunua mpya, iwe ya mtoto mmoja, isiazimwe. Baba akishindwa kulizungumza na binti, mama alizungumze, au shangazi. Haya ya dakika tano ni nafuu kuliko jeraha.

Cha tano ni viatu. Nyuma ya mdakaji vinahitajika viatu vyenye ncha ngumu mbele, na vile vya mafundi vyenye chuma kidoleni vinaweza kutumika kwa kuanzia mradi vimemkaa vizuri. Kwa anayesimamia vituo, viatu hivyo ni vizito. Yeye anahitaji raba nyepesi za kukimbilia, kofia ya jua na chupa ya maji.

Pesa ikiwa haitoshi

Seti nzima ni gharama, na familia nyingi haziwezi kuibeba peke yake. Hakuna sababu ya kuibeba peke yake. Barakoa, kinga ya kifua na kinga za ugoko zinaweza kuwa mali ya shule au ya wazazi watatu wanne waliochanga, kwa kuwa katika mechi moja anayesimama nyuma ya mdakaji ni mtu mmoja tu. Kilicho cha mtu binafsi ni ile kinga ya nne na viatu.

Ukikutana na barakoa au kinga ya kifua kwenye mitumba, iwe Sabasaba au kwenye mnada wa Msalato, ipime kwa namna iliyoelezwa hapo juu. Kofia ngumu iache. Ufa wake unaweza kujificha chini ya rangi, na hujui imeshapigwa mara ngapi.

Vumbi la Dodoma na jasho huharibu vifaa haraka. Baada ya mechi vifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, vikaushwe kivulini penye upepo. Visianikwe juu ya bati, maana jua kali hukausha sponji na kupasua plastiki. Na kwa kuwa kinga hizo zina joto, mtoto anywe maji kabla ya kiu, hasa mechi ikichezwa mchana.

Uzoefu unaanzia mbali na mpira

Vijana wana haraka ya kuvaa barakoa kwa sababu ndiyo inayoonekana. Mwalimu mwenye busara humpandisha mtoto ngazi kwa ngazi.

Ngazi ya kwanza haihitaji kinga yoyote. Kuna mchezo unaoitwa Baseball5, wa timu za wachezaji watano wavulana kwa wasichana, ambao hauna rungu wala glavu. Mpira ni wa raba na hupigwa kwa mkono. Vituo viko mita 13 tu kutoka kimoja hadi kingine, hivyo unaweza kuchezwa kwenye kiwanja cha netiboli au uwanja mtupu wa shule. Mchezo huu umo katika Olimpiki ya Vijana ya Dakar, Senegali, mwaka 2026. Mwamuzi anayejifunza hupata humo maamuzi mengi ya haraka: nani amefika kituoni kwanza, mpira au mkimbiaji.

Ngazi ya pili ni kusimamia vituo katika mechi za mazoezi za besiboli, akiwa na mwamuzi mkubwa. Ngazi ya tatu ni kusimama nyuma ya wavu wakati warushaji wanafanya mazoezi, akiita kila mpira kimoyomoyo kisha akilinganisha na alivyoita mwalimu. Mipira 100 nyuma ya wavu inanoa jicho bila kugharimu jino hata moja.

Ngazi ya nne ndiyo ya kuvaa kinga zote na kuinama nyuma ya mdakaji, kwanza pasipo mpigaji. Hapa anajifunza mambo yanayomlinda kuliko chuma: asigeuze kichwa mpira unapokuja, kwa sababu barakoa inalinda mbele na sikio liko wazi, mikono aifiche, isiwe mbele inakosubiri kuvunjwa vidole, na asimame kwenye nafasi kati ya mpigaji na mdakaji ili aone bila kujianika.

Kuna jambo moja ambalo hata walimu hulisahau. Mdakaji ndiye ngao ya kwanza ya mwamuzi. Mdakaji anayejifunza hukosa mipira mingi, na yote huishia kwa aliye nyuma. Mwamuzi mgeni asipangwe na mdakaji mgeni siku moja.

Mazungumzo ya nyumbani yanaweza kuwa mafupi tu.

"Mama, Jumamosi mwalimu kanipanga nyuma ya mdakaji."

"Mdakaji ni nani?"

"Ni wa kidato cha kwanza, kaanza wiki hii."

"Basi mwambie mwalimu mama anaomba usimamie vituo. Huyo akishajua kudaka, utarudi nyuma."

Mtoto atanuna. Anune. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na katika besiboli methali hiyo haina mafumbo.

Kwa anayetaka kuona mechi kubwa zaidi, treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 imeifupisha safari. Siku moja ya likizo, akikaa na daftari kuwatazama waamuzi wakubwa wanavyosimama, inamfaa kuliko video 20 za simu.

Binti naye, na midomo yetu

Binti akisema anaitaka kazi hii, asiambiwe ni ya wanaume. Jen Pawol, aliyewahi kuwa mchezaji wa softiboli na mwalimu wa sanaa, alianza kuamua mechi za ligi ndogo za kulipwa za Marekani mwaka 2016. Agosti 2025 akawa mwanamke wa kwanza kuamua mechi ya msimu wa ligi kuu ya besiboli ya nchi hiyo. Miaka tisa ya ngazi kwa ngazi, ndipo mlango ukafunguka.

Na sisi watu wazima tunaokaa pembeni ya uwanja tujue kwamba mwamuzi wa miaka 15 ni mtoto wa mtu. Mtoto anayetukanwa kila anapoamua huanza kuamua kwa kuogopa, na anayeogopa hutazama jukwaani badala ya kuutazama mpira. Hapo hata kinga nzuri haimfai.

Akipigwa kichwani, hata kama barakoa imezuia, mechi yake imekwisha siku hiyo. Kichwa kikiuma, akitapika, akichanganyikiwa au akisinzia isivyo kawaida, apelekwe hospitali mara moja, na asirudi uwanjani mpaka daktari aruhusu. Asiachwe ajiamulie mwenyewe, kwa kuwa kijana anayeupenda mchezo atasema yuko sawa.

Kabla ya kusaini ruhusa, muulize mwalimu maswali matatu: mwanangu atavaa nini, nani atasimama mbele yake, na nani mtu mzima atakuwa uwanjani akiumia? Mwalimu aliyejiandaa atajibu yote papo hapo. Akisita kwa moja, mwanao asimamie vituo kwanza.