Kushindwa mtihani wa uhasibu Goma: kitu gani kinabaki mkononi?

Kushindwa mtihani wa uhasibu ni uchungu popote. Goma ni zaidi: toka mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia mjini, benki zilifunga milango, na pale ndipo vijana wengi wenye diploma walitazamia kazi.

Lakini tutenganishe mambo mawili. Sheria ya mwaka 2015 ilianzisha ONEC, chama cha kitaifa cha wataalamu wa hesabu. Bila kuingia humo, huwezi kufungua ofisi yako mwenyewe ya uhasibu. Ila kushika vitabu vya duka ama shirika kama mfanyakazi wake, sheria haikukatazi.

Na ulichosoma hakipotei. Kongo iliingia OHADA, umoja wa sheria za biashara, mwaka 2012. Kanuni za hesabu ni zilezile katika nchi 17. Kuna hata njia nyepesi kwa biashara ndogo: kuandika pesa zinazoingia na zinazotoka.

Basi, ndugu kijana, usikae nyumbani na aibu. Tafuta mama mwenye duka kule Birere, umshikie daftari kila jioni. Angalia pia ni somo gani lilikuangusha, uanze na hilo. Siku ya kurudilia mtihani, utafika na hesabu ulizoshika mwenyewe.