Maji ya oksijene: mwenye kuyabeba ajue anabeba nini

Kila mzazi anajua eau oxygénée ya farmasi. Mtoto ameumia goti, unamwanga kiloko, povu nyeupe inapanda, mtoto analia, mambo imekwisha. Ile iko ya 3%, na ku chupa wanaandika volumu 10. Lakini ile inayoingia ku viwanda vya madini kwa kamyo iko ya 35%, ya 50%, mara ingine ya 70%. Jina ni moja, na kwa macho inafanana na maji ya kunywa. Ni pale watu wetu wanapotea.

Hesabu ya volumu si ngumu. Inaonyesha lita moja itatoa lita ngapi za hewa ya oksijene ikiharibika. Ya farmasi inatoa 10. Ya 50% inatoa karibu 200. Bidoni ya lita 25, ile kijana anabeba ku bega, iko na lita karibu 5.000 za hewa ndani yake, na inapoharibika inatoa tena moto mwingi. Juu ya hiyo kizibo chake kinatengenezwa na katundu kadogo, bidoni ipumue.

Mahali nilifanya kazi zamani (kampuni siitaji) kijana mmoja wa sous-traitance aliona bidoni inatoa mvuke pa kizibo. Akaita: « Chef, hii bidoni inapumua. » Chef akamujibu: « Kaza muzuri, tia kizibo ingine. » Akatii. Bidoni ilikaa pa jua, ikavimba sawa tumbo ya mbuzi, kisha ikapasuka. Maji ikamuruka ku uso. Bomba la karibu halikuwa na maji siku ile. Leo anaona na jicho moja tu, na ku liste ya ajali ya mwaka ule jina lake halikuandikwa, kwa sababu hakuwa « mutu wa kampuni ».

Yule chef hakuwa mtu mubaya. Hakuna mtu alimufundisha. Na kuna jambo moja linalotuhusu sisi wa Katanga kupita wengine: vitu vinavyoharibisha maji ya oksijene kwa haraka ni shaba, kobalti, manganezi na chuma. Basi vumbi letu lenyewe! Ile iko ku mikono, ku viatu, ku pompi, ku dirisha ya depo. Kiloko tu ikiingia ndani ya bidoni, maji inaanza kuchemka yenyewe. Kwa hiyo, ile uliyomwanga ikabakia, usiirudishe hata siku moja ndani ya bidoni yake. Usitumie pompi ya asidi ao ndoo ya chuma. Inakaa ndani ya plastiki yake ao inox iliyosafishwa kwa kazi hiyo, mbali na jua.

Adui wa pili ni vitu vinavyoungua: vitambaa, mbao, mafuta, na ile petroli inayofanana na ya taa tunayotumia kwa kutenganisha shaba. Yenyewe haiwaki, lakini inawasha vingine. Palete ya mbao iliyolowana nayo inaweza kushika moto kisha, wakati kila mtu amekwisha kuenda. Ikimwangika, usitie unga wa mbao. Mwanga maji mengi sana. Ganti ziwe za mpira ao plastiki. Za ngozi hapana, na viatu vya ngozi vilevile. Ku ngozi ya mtu inaacha alama nyeupe na kuwasha. Ikiingia ku jicho, osha na maji dakika 15 kwa uchache, halafu hospitali, hata kama maumivu yamepungua.

Wenye kuona ninazidisha wakumbuke chombo cha vita cha Urusi cha chini ya bahari, Kursk. Tarehe 12 Agosti 2000 maji haya, makali kupita yetu, yalivuja ndani ya silaha yake moja. Watu 118 walikufa. Wale walikuwa maaskari wenye masomo.

Sisemi tuikatae. Ku migodi ya zahabu inavunja sianuri. Ku kobalti inasaidia madini kuyeyuka ndani ya asidi. Kazi ikiisha inabaki maji na hewa, haiachi sumu ndani ya mto. Kati ya vitu tunavyoshika kila siku, iko vingi vibaya kuipita.

Tunachoomba ni kiloko. Sheria ya kazi n° 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inataka kamati ya usalama pa kazi. Basi kamati ikae, na watu wa sous-traitance waingie ndani. Bomba ya kuosha macho iwe karibu na depo, na kila asubuhi mtu aifungue aone kama maji inatoka. Bidoni tupu zisiuzishwe tena kwa mamans wa kuchota maji.

Na karatasi ya usalama iandikwe kwa Kiswahili. Mwezi uliopita madelege tuliuliza iko wapi. Tulionyeshwa: Kiingereza na Kichina, ndani ya kabati ya magazini. Mwenye ufunguo anarudia nyumbani magaribi. Ekipi ya usiku ndiyo inashusha bidoni.