Tusisinzie Kitonga

Desemba iliyopita basi letu lilikwama Kitonga kwa zaidi ya saa mbili. Lori lilikuwa limeharibika kwenye kona, na anayeijua barabara ile anajua kinachofuata: foleni juu, foleni chini, abiria wanashuka kunyoosha miguu kando ya ukuta wa mwamba. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi nyuma yangu, ambaye tangu Morogoro alishajua mimi ni frateri, alinigusa bega akanionyesha jinsi mistari meupe na meusi ya mwamba ilivyojikunja.

“Frateri, haya mawe yalikunjwaje?”

“Ni kazi ya Mungu, mzee.”

Akacheka. “Hilo nalijua hata mimi. Nimeuliza yalikunjwaje.”

Sikuwa na jibu. Nimemaliza miaka yangu ya falsafa, naweza kueleza maada na umbo kwa mujibu wa Aristotle, lakini maada iliyokuwa mbele ya pua yangu ilinishinda. Nimekuja kuona kwamba swali la mzee yule linatuhusu sana sisi tunaojiandaa kutumwa kwenye parokia za milimani, na kwamba tunalipuuza kwa hasara ya watu.

Jibu lenyewe nililipata baadaye kwa mwalimu wa jiografia. Miamba ya eneo lile ni ya mkanda ambao wanajiolojia wameupa jina la Usagara, wenye umri wa takriban miaka bilioni 2. Ilizikwa chini sana ardhini, ikapata joto na mgandamizo mkubwa hadi ikalainika na kujikunja bila kuyeyuka yote. Mmomonyoko ukaondoa kilichokuwa juu yake. Wajenzi wa barabara walipokata mlima, walitufungulia ukurasa ambao mkulima wa Ilula asingeuona kwa jembe.

Ndiyo maana nasema barabara ni darasa. Msituni mwamba umefunikwa na udongo na majani. Kwenye mkato wa barabara uko wazi. Ukishapita Iringa, kilomita 20 hivi kuelekea Mbeya, kuna Isimila, mahali ambapo maji yamechonga nguzo za udongo na kuacha wazi zana za mawe zilizotengenezwa na watu zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Ukipita Igawa kuelekea Chimala, upande wa kushoto milima inasimama ghafla kama ukuta na upande wa kulia tambarare ya Usangu inanyooka hadi macho yachoke. Ukuta ule haukuchongwa na mto. Ni ufa: upande mmoja wa ardhi ulishuka, mwingine ukabaki juu. Karibu na Mbeya mikono mitatu ya nyufa inakutana, wa Rukwa, wa Ziwa Nyasa na wa Usangu. Mkoa mzima umekaa kwenye njia panda hiyo, na matetemeko tunayoyasikia mara kwa mara yanatoka humo.

Lakini sehemu ninayoipenda ni kutoka Uyole kwenda Tukuyu. Hapo mawe si ya kale tena. Katika mikato ya barabara kuanzia huko Isongole kwenye viazi, utaona tabaka jeusi la udongo, juu yake tabaka la rangi hafifu la vijiwe vyepesi, kisha udongo tena. Okota kijiwe kimoja ukitie kwenye ndoo ya maji: kitaelea. Kimejaa matundu ya gesi. Sehemu ya vijiwe hivyo ilirushwa na Mlima Rungwe ulipolipuka kwa nguvu miaka 4,000 hivi iliyopita. Mlima Kyejo, jirani yake, ulimwaga lava takriban miaka 200 tu iliyopita. Daraja la Mungu, pale mto Kiwira unapopita chini ya mwamba, ni lava iliyoganda. Migomba, chai na mvua ya Tukuyu tunavisifu sana. Tunasahau kwamba udongo ule ni zawadi ya moto.

Zawadi hiyo ina masharti yake. Nikiwa katika mwaka wa uchungaji, nilipangiwa kigango kimoja, ambacho sitakitaja, katika milima yenye udongo wa namna hiyo. Waumini walikuwa wamechimba mteremko kupata uwanja, wakajenga kanisa la matofali kwa michango ya miaka mingi. Masika ya tatu ukuta wa nyuma ulipasuka kutoka juu hadi chini. Nilipofika, maelezo yalikuwa tayari yamepatikana: bibi mmoja mjane, ambaye shamba lake lilipakana na uwanja na ambaye aliwahi kulalamikia mpaka, ndiye aliyelifunga kanisa. Watu walikuwa wameacha kumsalimia. Kijana mmoja alisema hadharani kwamba bibi huyo ahamishwe “kabla hajatumaliza”.

Nilimwomba fundi mwashi twende nyuma ya kanisa na koleo. Tulichimba kwenye ule mteremko uliokatwa. Juu kulikuwa na tabaka la vijiwe vyepesi, kama changarawe iliyolegea. Chini yake udongo wa mfinyanzi, mgumu na unaoteleza. Maji ya mvua yanapita kwenye vijiwe bila kizuizi, yakifika kwenye mfinyanzi yanakwama, yanatafuta njia ya pembeni, na kila kilicho juu kinaanza kuteleza polepole. Fundi aliweka kiganja chake pale tabaka mbili zilipokutana, akakitoa kimelowa. Mvua ilikuwa imekatika wiki nzima.

Tuliwaita wazee wa kigango waje waweke viganja vyao. Sisemi kwamba wote waliamini siku ile. Kijana yule hakuamini. Lakini mwenyekiti alienda kumsalimia bibi jioni hiyo, na wiki iliyofuata tukachimba mfereji wa kupitishia maji.

Najiuliza ningefanya nini kama swali la yule mzee wa Kitonga lisingenisumbua. Huenda ningebariki maji, ningekemea ushirikina kwenye mahubiri, na bibi angeendelea kutengwa. Kukemea imani ya uchawi bila kueleza kilichopasua ukuta ni kuwaachia watu swali lao vilevile.

Wapo wenzangu wanaoona kwamba mambo ya mabilioni ya miaka yatawayumbisha waumini. Nawakumbusha Mwenyeheri Niels Stensen. Mdenmark huyu, mwaka 1669, ndiye aliyeandika kanuni tunayoitumia hata Isongole: tabaka hulala kwa ulalo, na la chini ni la kale kuliko la juu. Alikuwa ameingia Kanisa Katoliki miaka miwili kabla, akawa padre mwaka 1675 na askofu mwaka 1677. Papa Yohane Paulo II alimtangaza mwenyeheri mwaka 1988. Na Papa Pio XII, akihutubia Taasisi ya Kipapa ya Sayansi mwaka 1951, alitaja mabilioni ya miaka bila hofu yoyote. Hofu hiyo sisi tumeitoa wapi?

Tarehe 3 Desemba 2023, tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang liliingia Katesh na vijiji vya jirani, likaua watu zaidi ya 80. Wapo waliodhani volkano imelipuka. Haikulipuka. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ikaporomoka. Nani atawaambia waumini wa mlima mwingine wasijenge kwenye mkondo wa tope la zamani, kama katekista na padre wao hawajui kuutambua?

Sidai somo jipya la mihula miwili. Ratiba yetu imejaa. Nadai siku moja kwa mwaka, basi la seminari na mwalimu mmoja anayejua mawe, tusimame kwenye mikato minne au mitano. Nadai pia kwamba kamati za ujenzi za parokia, kabla ya kuchimba mteremko wowote, zitafute mtaalamu au ramani za Taasisi ya Jiolojia kule Dodoma. Gharama yake haifikii bei ya bati za kanisa la kigango.

Kwa wanaosafiri likizo hii: kutoka Iringa kwenda Mbeya, kata tiketi ya dirisha la kushoto. Kutoka Uyole kwenda Tukuyu, Ngozi iko kulia na Rungwe kushoto, mawingu yakiruhusu. Na mkikwama Kitonga msisimame chini ya mwamba wakati wa mvua.